Fungate ya Ufukoni na Baridi Isiyotarajiwa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii haina haja ya kufafanuliwa mbele ya askari. Tangu siku ya kwanza ya mafunzo hufundishwa kwamba amri hutiiwa kwanza na maswali hufuata baadaye, na wengi waliorudi salama kutoka safari za hatari wanajua kwamba utii ndio uliowaokoa. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi mkuu ni nani. Kambini jawabu ni rahisi, kwani cheo huonekana begani. Nyumbani hakuna nyota wala utepe, na bwana arusi aliye askari huweza kuvuka kizingiti cha nyumba yake mpya akidhani kwamba cheo chake kimevuka pamoja naye. Mara nyingi kosa hili hutendeka katika siku 7 za kwanza, nazo ndizo siku ambazo Waswahili huziita fungate.

Neno lenyewe lina maana ya siku 7. Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, husema "fungahe" mpaka leo wanapotaja saba katika kuhesabu. Kwa desturi ya pwani, maarusi walikaa ndani siku hizo zote, wakaletewa vyakula na jamaa wa bibi arusi, naye somo akawa karibu kumwongoza mwari wake. Siku hizi desturi imelegea. Wenye uwezo huenda Mombasa au Unguja, wakapanga chumba kinachotazama bahari. Lakini shabaha ya fungate haikubadilika. Watu wawili waliolelewa katika nyumba mbili mbalimbali huwekwa pamoja, bila kazi na bila wageni, ili kila mmoja apate kumjua mwenziwe kabla shughuli za dunia hazijawaingilia.

Je, asiye na nauli ya kwenda Mombasa afanyeje? Na hali ya hewa ikigeuka katikati ya fungate, nani atoe amri?

MAARUSI WA MTAA WA SINEMA

Mfano na uchukuliwe kutoka Hai Cinema, mtaa mmojawapo wa mji wa Juba, makao makuu ya Sudan Kusini. "Hai" katika Kiarabu ni mtaa. Basi Hai Cinema ni Mtaa wa Sinema, nao haukai mbali na mto Nile. Lugha inayosikika zaidi katika mji huo ni Kiarabu cha Juba. Hata hivyo, Kiswahili nacho husikika katika soko la Konyokonyo, na pia katika nyumba za wale waliorudi kutoka ukimbizini Kenya na Uganda. Tangu mwaka 2016, nchi hiyo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wanaojifunza lugha hii wamezidi kuwa na sababu ya kuijua.

Maarusi wa mfano huu hawahitaji majina, kwani walio kama wao ni wengi. Bwana ni koplo wa polisi. Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi ya Kenya, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 katika nchi ya ukame, ambako mto hukaa mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Huko alijifunza Kiswahili, mpira wa miguu na subira; kuogelea hakujifunza, kwani hapakuwa na maji ya kuogelea. Bibi ni binti wa mvuvi. Alijua kupiga kasia kabla hajajua kusoma. Kazi yake ni cherehani, na kwa miezi mingi kabla ya arusi, kila usiku baada ya kazi, alikuwa akitarizi milaya yake. Milaya ni shuka za kitanda ambazo wanawake wa Sudan Kusini huzipamba kwa mkono, kwa nyuzi za rangi, wakachora maua, ndege na maneno ya mapenzi. Kwa bibi arusi wa huko, milaya ni kama hati ya bidii yake.

Bwana alipata likizo ya siku 7 barabara. Ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, karamu ilikwisha kuliwa, na mfuko wa askari haukuwa mzito. Mombasa haikuwezekana. Bibi ndiye aliyetoa shauri. Katika Nile, mbele ya mji, kuna kisiwa cha Gondokoro, nako alikuwako shangazi yake, mjane mkulima wa mboga. Wakati wa kiangazi maji ya mto hupungua na mchanga hutokeza ukingoni, mweupe na safi. Kwa nini wasifanye fungate yao hapo? Nauli ni ya mtumbwi tu, na chakula ni unga, chumvi na samaki.

Bwana alikubali, tena kwa furaha. Lakini bibi alipotaka kutia blanketi katika mizigo, alimcheka. "Blanketi mwezi wa Februari?" akasema. "Mke wangu, hapa si Nairobi."

Kwa hesabu ya kawaida hakuwa amekosea. Mvua za Juba hunyesha zaidi kati ya Aprili na Oktoba. Miezi ya Februari na Machi ndiyo ya joto kali kuliko yote, na mchana joto hufika nyuzi 37 au 38 bila ya kumshangaza mtu. Mwezi wa Machi 2024 serikali ilizifunga shule za nchi nzima kwa ajili ya joto, na Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzimia. Nani basi atafikiri habari za blanketi? Bibi hakubishana. Aliirudisha blanketi kabatini, akachukua milaya yake badala yake, kwani hilo hakuna ambaye angemcheka.

RATIBA YA KOPLO

Siku mbili za kwanza zilikuwa njema. Walilala katika msonge mdogo uliokuwa ukihifadhi majembe ya shangazi, nao walikuwa wameufagia na kutandika mkeka na neti. Asubuhi waliketi mchangani wakitazama mitumbwi ikivuka na mboga kwenda mjini. Bibi alimfundisha bwana kushika kasia, naye bwana akaufanya mtumbwi uzunguke mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa, hata watoto wa kisiwani wakaja kutazama.

Tabia ya kazi, hata hivyo, haikai nyumbani mwenyewe anapochukua likizo. Asubuhi ya kwanza bwana alitangaza ratiba: kuamka saa 12, kufagia saa 12 na nusu, chai saa 1, matembezi saa 2. Alitangaza pia mahali pa kuweka ndoo, na namna ya kukunja neti. Bibi alisikiliza, akatabasamu, akafanya yote. Ndoo kuwekwa huku au kule ni jambo dogo, na mke mwenye busara hapiganii kila jambo dogo katika wiki ya kwanza. Lakini shangazi, aliyekuwa akipalilia karibu, alimwambia bwana arusi kwa upole, "Mwanangu, kisiwa hiki hakina paredi."

Siku ya tatu, alasiri, upepo uligeuka.

Hapo kwanza ilikuwa kama neema. Jua lilifunikwa, na wote walishukuru kupata kivuli. Baadaye wingu lilisimama upande wa mashariki, jeusi chini na jeupe juu, na upepo wa baridi ukaja mbele yake ukisukuma vumbi na majani. Ndege walinyamaza. Mto, ambao mchana ulikuwa laini, ulianza kusimama mawimbi mafupi yenye povu. Mtumbwi walioazimwa na jirani ulikuwa umevutwa nusu tu juu ya mchanga. Wimbi la kwanza liliuinua. La pili likauchukua.

Bwana arusi alikuwa karibu zaidi, naye hakuuliza swali. Alijitupa majini na nguo zake zote, maji yakamfika kifuani, akaikamata kamba ya mtumbwi na kuanza kuuvuta. Mkondo ulimsukuma na mchanga ukamtoka chini ya miguu. Bibi hakumfuata majini. Alikimbia kushuka na mto kama hatua 30, mahali alipojua kwamba mchanga umeingia mbali zaidi, akapiga kelele, "Usivute! Uache uje nao! Njoo huku!" Kwa bahati bwana alisikia. Aliacha kushindana na mkondo, akaishika kamba na kuchukuliwa pamoja na mtumbwi mpaka pale mkewe alipokuwa amesimama, na wote wawili wakaukokota nchi kavu.

Walipofika penye msonge, mvua ya mawe ilikuwa inaanguka.

AMRI TATU ZA BIBI ARUSI

Haikupita nusu saa, joto lote la Februari lilikuwa limetoweka. Mawe ya barafu yalitapakaa mchangani, na upepo ulipita katika kuta za mabua kana kwamba hazipo. Bwana arusi, aliyekuwa ameloa hata ngozi, alisimama mlangoni akatoa amri. Fungate imekwisha. Vitu vifungwe. Wavuke mara moja kabla giza halijaingia, na usiku huo walale Hai Cinema penye kuta za matofali.

Bibi akasema, "Hapana."

Bwana alidhani hakusikia vizuri. Alirudia amri yake, safari hii kwa sauti ya kazini. Bibi alingoja amalize.

"Bwana," akasema, "wewe ukisimama barabarani na kuinua mkono, mimi nasimama. Siulizi kwa nini, kwa sababu barabara unaijua. Mto huu naujua mimi. Upepo unakwenda kinyume cha maji, na hapo ndipo mitumbwi hupinduka. Baba alikuwa mvuvi, na katika upepo kama huu hakuvuka. Nakuomba unitii usiku huu mmoja."

Penye hatari kuna kimya kifupi ambacho ndani yake mambo mengi huamuliwa. Bwana arusi alitazama mto, kisha akamtazama mkewe. Kusema kweli hakuwa akiogopa baridi. Alikuwa akiogopa kwamba mwanamume aliyempeleka mkewe mahali pa shida ataonekana hana maana, na kwamba heshima yake ingepatikana tena kwa kumtoa hapo upesi. Lakini alikumbuka jinsi alivyokuwa akivuta kamba majini kwa nguvu zake zote bila faida, na sauti iliyomwambia aache. Aliliweka kasia chini.

Hiyo ilikuwa amri ya kwanza. Ya pili ilifuata mara moja: avue nguo zilizoloa. Bwana alikataa, akisema kwamba zitakaukia mwilini, na kwamba askari hatetemeki. Alisema hivyo huku meno yakigongana. Bibi hakucheka. Alifungua furushi, akatoa milaya yake, kazi ya miezi mingi, ambayo ilikuwa haijatandikwa hata mara moja kwa kungoja kitanda chao wenyewe, akaikunjua na kumfunika nayo bwana wake kutoka shingoni hata miguuni.

Ya tatu ilikuwa ngumu zaidi. Shangazi alikuwa amewasha jiko la mkaa chini ya paa la jikoni. Bwana, akiwa amejikunyata ndani ya maua na ndege, alitaka jiko liingizwe msongeni na mlango uzibwe kwa mkeka, ili joto lisitoke. Maneno hayo yana mantiki, na kwa mantiki hiyo hiyo watu wengi wamelala wasiamke. Bibi alilikataa jiko hata kabla shangazi hajafungua kinywa. Jiko lilibaki nje ya mlango chini ya paa, mlango ukabaki wazi nusu, na wote watatu wakaketi hapo karibu na moto, wakanywa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, mpaka kutetemeka kwa bwana kulipotulia. Ndipo jiko likazimwa, na wakalala.

GONDOKORO YA ZAMANI

Jina la Gondokoro limekwisha kushuhudia jambo la namna hii zamani. Kituo cha zamani cha jina hilo kilikuwa ukingo wa mashariki wa Nile, kilomita chache tu kutoka Juba ya leo, nacho kilikuwa kituo cha wafanya biashara ya pembe na watumwa. Mwezi wa Februari 1863 walifika hapo Samuel Baker, Mwingereza, na Florence, mwanamke wa asili ya Hungaria, wakitafuta chimbuko la mto. Walisafiri kama mume na mke, ingawa ndoa yao rasmi ilifungwa London mwezi wa Novemba 1865. Yaweza kusemwa kwamba fungate yao ilitangulia arusi, nayo ilidumu miaka.

Hapo Gondokoro watumishi wa Baker waliasi. Baker aliamuru kiongozi wao apigwe viboko 25. Wenzake wakamkabili, na damu ilikuwa karibu kumwagika. Florence alikuwa mgonjwa wa homa. Aliyaona hayo, akatoka, akaingia katikati ya ghasia na kuwaita wale waliokuwa bado watiifu wasaidie. Kisha, wakati hasira zilipoanza kutulia, aliomba kwamba yule kiongozi asamehewe iwapo atakubali kuomba radhi. Baker alikuwa mtu wa amri na wa bunduki. Alikubali shauri la mwanamke aliyekuwa naye, na safari ikaokoka. Tarehe 14 Machi 1864 wote wawili walifika penye ziwa ambalo Baker aliliita Albert, wakasafiri ufukoni mwake kwa mitumbwi wakipigwa na dhoruba.

Habari hizi hazimfanyi Baker kuwa shujaa wa watu wa nchi hiyo. Aliporudi Gondokoro mwaka 1871 akiongoza jeshi la Misri, alipigana na Wabari wenyeji, na kumbukumbu ya mambo hayo si nzuri. Kinachotajwa hapa ni lile tendo moja tu la mwaka 1863. Aliyekuwa na madaraka ya kupiga alisikiliza, na aliyesikilizwa alikuwa mgonjwa, bila cheo cho chote.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kuna wanaoamini kwamba baridi ni jambo la Ulaya, au la milima kama Kilimanjaro, na kwamba nchi za joto hazimdhuru mtu kwa baridi. Imani hiyo ina hatari. Mwili uliozoea nyuzi 38 huona nyuzi 20 kuwa baridi, na nguo iliyoloa katika upepo hunyang'anya mwili joto upesi sana kuliko hewa kavu. Askari walioko doria, wavuvi, na maarusi waendao ufukoni wote yafaa wayajue haya yafuatayo.

Kwanza, nguo zilizoloa zivuliwe mara moja, hata kama hakuna nguo nyingine ila shuka au kanga. Kitambaa kikavu chepesi ni bora kuliko koti zito lililoloa. Kichwa na shingo vifunikwe, na mtu asilale juu ya ardhi tupu. Mkeka, majani makavu au magunia yawekwe chini yake.

Pili, kutetemeka si woga. Ni misuli inafanya kazi ili itengeneze joto. Dalili ya kuogopwa ni pale mtu aliyekuwa akitetemeka anapoacha kabla ya kupata joto, akaanza kusinzia, kusema maneno yasiyoeleweka, au kuyumba. Huyo afunikwe, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mganga wa hospitali mara njia inapokuwa salama. Akiwa na fahamu zake na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe asipewe. Pombe huleta joto juu ya ngozi, na kwa kufanya hivyo hulitoa joto la ndani nje.

Tatu, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya chumba au hema lililofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi, haimwashi mtu macho, na aliyelala haiamshi. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu kwa watu wote waliomo chumbani ni onyo. Watoke nje mara moja. Ni afadhali kulala na baridi kidogo kuliko kutoamka.

Nne, baridi isichanganywe na malaria. Mtu akiisha kupata joto na nguo kavu, kisha kesho yake au baadaye akaanza kutetemeka tena kwa homa, apimwe damu asingoje. Hali kadhalika, asiyetetemeka asidhani kwamba neti haina kazi kwa sababu hewa ni baridi.

Tano, ufuko wa mto si ufuko wa bahari. Maji ya Nile yana mkondo wenye nguvu hata yanapoonekana yametulia, na yana mamba na viboko. Maji ya ukingoni yaliyosimama huweza kuwa na kichocho. Mgeni aulize wenyeji mahali pa kuteka maji na mahali pa kuoga, na mtumbwi ufungwe kamba kwenye mti, usiachwe kulala nusu juu ya mchanga.

Na blanketi ichukuliwe. Haina uzito wa kumshinda askari.

SIKU NNE ZILIZOBAKI

Asubuhi ya siku ya nne mawingu yalikuwa bado yapo, na baridi nayo. Upepo ulikuwa umetulia, na mto ulikuwa umerudi kuwa laini. Bibi alimwambia bwana wake kwamba sasa wanaweza kuvuka akitaka. Bwana alitazama mawe machache ya barafu yaliyobaki kivulini, ambayo watoto wa kisiwani walikuwa wakiyakusanya katika kikombe kwa mshangao, akauliza zimebaki siku ngapi za likizo. Zilikuwa 4. Wakakaa.

Siku hizo hazikuwa na ratiba. Waliziba kuta za msonge kwa majani, wakamsaidia shangazi kuinua mboga zilizolazwa na mvua, na wakaota moto wa kuni nje wakila samaki wa kuchoma. Bwana alimsimulia mkewe mambo ya Kakuma ambayo hakuwa amemsimulia mtu, habari za foleni za maji na za nduguye aliyebaki huko. Bibi alimsimulia jinsi baba yake alivyokuwa akirudi mtoni mikono mitupu na kuimba ili watoto wasijue. Pengine mambo haya yangesemwa hata katika joto. Lakini watu wawili wasio na blanketi huketi karibu karibu, na wanaoketi karibu karibu husikilizana.

Siku ya 7 walivuka. Bibi alishika kasia la nyuma, nalo ndilo linaloongoza. Bwana alishika la mbele, na mara hii mtumbwi haukuzunguka.

Siku ya 8 koplo alirudi kazini, na milaya ikaanikwa kambani katika ua wa nyumba yao huko Hai Cinema. Ilikuwa imefuliwa mara mbili. Hata hivyo, katika pembe moja, penye ndege wawili wa rangi ya samawati, alama ya moshi ilikuwa imekataa kutoka. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alisikitika sana alipoiona. Alimwambia bibi arusi kwamba ni hasara, na kwamba ilimpasa mume wake amnunulie nyuzi nyingine atarizi pembe hiyo upya.

Bwana arusi alikuwa akivaa viatu vyake mlangoni, naye aliyasikia.

"Mama," akamwambia yule jirani kwa heshima, "nyuzi nitanunua. Lakini hapo na pasiguswe. Hapo ndipo nilipopewa amri, nikaitii."

Methali basi inabaki kuwa kweli, ndani ya nyumba kama kambini: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nyumba, mkuu wa jambo ni yule anayelijua jambo hilo. Leo huwa mume, na kesho huwa mke. Maarusi waitumie fungate yao kujua ni nani kati yao anaijua barabara na ni nani anaujua mto, kabla wingu halijasimama.